Kabla Hujapanua Bloku: Je, Pikipiki Yako Inahitaji Injini Kubwa Zaidi?

Mwezi uliopita kijana mmoja anayebeba viazi kutoka vijiji vya Uporoto hadi sokoni Mwanjelwa aliingia karakanani kwangu, hapa Mbeya, akiwa amekumbatia bloku mpya, yaani nyumba ya silinda, yenye kipenyo cha milimita 62, na pistoni yake, vimeviringishwa kwenye gazeti. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Fundi, nifungie hii leo leo, nimechoka kushuka na kusukuma kila nikifika mlimani." Pikipiki yake ni ya Kichina ya cc 125, na muuza spea alikuwa amemhakikishia kwamba bloku ile ingeigeuza kuwa 150 kwa kazi ya nusu siku. Nilimwambia kwamba tuipime pumzi kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, habari za bloku zije baadaye, naye akakaa kwenye benchi akiwa amenuna kama mtu aliyenyimwa chakula.

Injini ya aina hiyo ni mtoto wa Honda CG125, ambayo Wajapani waliiunda katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na huduma yake husahaulika. Badala ya kuiweka kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kichwani na kuizungusha kwa cheni, waliirudisha chini na kuzisukuma valvu kwa fito, kwa sababu kamshafti ya juu ndiyo huwa ya kwanza kuumia mwenye pikipiki anapopuuza oili. Ukisoma alama iliyopigwa ubavuni mwa nakala nyingi za Kichina utakuta 156FMI: 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki na I ni daraja la cc 125. Ndugu yake wa 150 huandikwa 162FMJ. Kwa hiyo muuza spea hakudanganya kuhusu vipimo, ila alinyamaza kuhusu mambo mengine yote.

Tufanye hesabu. Silinda ya milimita 56.5, pistoni ikisafiri milimita 49.5, hutoa cc 124. Ukipanua kipenyo hadi milimita 62 bila kugusa safari ya pistoni unapata cc 149, yaani nyongeza ya asilimia 20. Hata hivyo nyongeza hiyo ni ya nafasi tu, kwa kuwa hewa na petroli bado vinapita kwenye kabureta ile ile na valvu zile zile, na mizunguko inapopanda njia hiyo inakuwa nyembamba kwa pistoni mpya. Pia, kama hedi (kifuniko cha silinda) ni ile ile na pistoni mpya haina shimo juu yake, mgandamizo uliokuwa 9 kwa 1 unapanda kufikia takriban 10.6 kwa 1, kwa sababu mchanganyiko mwingi zaidi unabanwa kwenye chumba kile kile cha cc 15 na ushee. Injini inayopozwa kwa upepo, inayopanda mlima polepole ikiwa na lumbesa mbili mgongoni, haina upepo wa kutosha kuondoa joto la ziada linaloletwa na mgandamizo huo, na ukianza kusikia mlio wa chuma kugonga chuma kila unapofungua mafuta, ujue petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Mara nyingi mdomo wa krankkesi (kasha la chini la injini) nao hulazimika kuchongwa ili slivu nene, lile bomba la silinda, iingie, jambo ambalo halina marejeo, na klachi, ambayo springi zake zilitengenezewa nguvu ya 125, huanza kuteleza.

Sasa turudi kwenye pumzi, ambayo huku kwetu inahitaji uangalifu wa ziada. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo pikipiki yoyote ya kabureta iliyokuwa hodari Dar es Salaam itaonekana mvivu hapa hata kama haina ugonjwa. Hata geji ya mgandamizo inaathirika: injini nzima inayosoma paundi 170 kwa inchi ya mraba pwani itasoma karibu 140 hapa, na fundi asiyejua hilo anaweza kufungua injini isiyo na kosa. Ya kijana wangu ilisoma 95. Nilidondosha kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, nikapima tena, ikapanda hadi 125. Oili iliziba mwanya wa ringi za pistoni kwa muda, na hapo nikajua kwamba kinachovuja zaidi ni ringi kuliko valvu. Kama isingepanda, macho yangu yangehamia kwenye valvu.

Plagi yenyewe ilitoka nyeusi, ina masizi makavu kama sufuria la kuni, dalili kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Jeti kuu ya kabureta, tundu linalopitisha petroli, ilikuwa ile ya kiwandani, nasi tuko juu. Nikashusha saizi moja. Chujio la hewa lilikuwa limeshiba vumbi, na tapeti ya valvu ya moshi, yaani mwanya wake, ilikuwa imebana kiasi kwamba fila geji (bapa la kupimia mwanya) nyembamba kabisa haikupita. Hivi ndivyo ninavyowakuta wengi wanaoniomba nguvu zaidi: injini imepoteza nguvu zake yenyewe, na mwenyewe amezoea udhaifu huo pole pole hadi akadhani ndio uwezo wa pikipiki. Ukifunga bloku kubwa juu ya kabureta mbovu umenunua ubovu mkubwa zaidi.

Baada ya ringi mpya na marekebisho hayo lilibaki swali la mlima, na hapo lazima tutenganishe nguvu na mvuto, yaani uwezo wa kuzungusha. Kiwanda cha Bajaj kinaitangaza Boxer ya 150 kuwa na takriban nguvu farasi 12 kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, lakini mvuto wake wa juu kabisa uko kwenye mizunguko 5,000, na mwenye mzigo huishi karibu na namba hiyo ya pili. Mvuto kwenye gurudumu unaweza kuupata bila kuifungua injini. Pikipiki ile ilikuwa na sproketi (gia ya cheni) ya mbele yenye meno 15 na ya nyuma yenye meno 38. Nikaweka 14 na 41, na mvuto unaofika kwenye tairi ukapanda kwa karibu asilimia 16, si mbali na ile 20 ya kwenye karatasi ambayo bloku iliahidi. Gharama yake ni mwendo: mizunguko iliyompeleka kilomita 80 kwa saa sasa inampeleka 69. Kwa mtu wa viazi hiyo si hasara. Kwa bodaboda wa barabara tambarare ya lami ningemkataza.

Anayetaka mwendo ndiye huniogopesha zaidi, maana breki za dramu hazikui pamoja na bloku. Pikipiki iliyo kwenye kilomita 80 kwa saa ina karibu mara 1.8 ya nishati iliyokuwa nayo kwenye 60, na nishati hiyo inamezwa na viatu vidogo vya breki. Tena kadi ya pikipiki imeandikwa ukubwa wa injini, na siku ya ajali bima inaweza kuuliza kwa nini kadi inasema 125.

Ninakubali kupanua pale bloku ya zamani ilipokwisha kuchongwa hadi ovasaizi ya mwisho (kipimo kikubwa zaidi cha pistoni yake), injini iko wazi tayari, krankshafti hailegi, na mwenyewe yuko tayari kulipia kabureta, springi za klachi na gasketi inayorudisha mgandamizo mahali pake. Nikijumlisha hayo yote, mara nyingi namshauri anunue injini kamili ya 150 na kwenda kubadilisha taarifa za kadi TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kwa kuwa namba ya injini itakuwa nyingine. Akishikilia bloku, namfungia, kisha namwambia asifungue mafuta yote wala kubeba lumbesa kwa kilomita 500 za mwanzo, na arudi kwenye kilomita 300 nimwage oili mbele yake kwenye beseni jeupe, tuone pamoja kama kuna chembe za chuma.