Bibi, hayo meno unalala nayo?

Swali hili nawauliza wazee wote wanaofika kliniki na meno ya bandia. Bibi mmoja alinijibu kwa mshangao: "Sasa mwanangu, nikiyatoa si watu wataniona kibogoyo?"

Alikuja kwa ajili ya pembe za midomo, zilizopasuka na kumwasha kila akila ndimu. Nilipomwomba avue meno ya juu, nikaona kaakaa jekundu, na wekundu wenyewe una mpaka: umeanzia pale plastiki inapoanzia, ukakomea inapokomea. Yeye hakuwa na habari, maana hali hii mara nyingi haiumi.

Hao ni fangasi, kandida. Wengi wetu tunao kinywani na hawatudhuru, kwa kuwa mate yanawadhibiti. Chini ya plastiki inayovaliwa usiku na mchana mate hayapiti vizuri. Tena bibi ana sukari, na anatumia dawa za presha za aina inayokausha kinywa. (Tafadhali usiache dawa za presha kwa sababu hiyo, mwambie daktari wako.) Meno yake nayo yamesagika kwa miaka, kwa hiyo akifumba mdomo pembe zinakunjana na mate yanatuama humo. Ndipo zinapopasuka.

Nilimpa dawa ya fangasi, lakini ukitibu kaakaa ukaacha meno, umefanya kazi bure, kwani fangasi wamejificha kwenye plastiki. Yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa brashi na sabuni laini, yalowekwe kwenye maji safi. Dawa ya mswaki ina chembe zinazoikwaruza plastiki, na maji ya moto huipinda.

Kinachoninyima usingizi ni kingine: utando mweupe usiobanduka ukifutwa, doa jekundu lisilo na sababu, au kidonda kilichopita wiki 2. Kwa wanaotafuna tambuu au kuweka ugoro, huwa natazama kwanza lile shavu wanapouhifadhi, kisha pembeni na chini ya ulimi. Wazee husema, "Ni meno tu yananibana." Huenda ni kweli, basi tuyarekebishe, na kidonda kikibaki, tukate kinyama kidogo kikapimwe. Saratani ya kinywa ikianza huwa haiumi, nawaomba sana msisubiri maumivu.

Bibi alirudi baada ya wiki 2, kaakaa limeanza kurudia rangi yake. Bakuli la meno, aliniambia, analiweka juu ya kabati, wajukuu wasilifikie.