Je, wajua kwa nini uvamizi wa Normandy, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia ulifanyika tarehe 6 Juni 1944 na sio siku nyingine?

Wengi wakisikia D-Day, jina la siku hiyo ya uvamizi, wanakumbuka ile picha tu, askari wanaruka kutoka kwenye boti, maji yamefika kifuani, risasi zinatoka juu kwenye vilima. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni la tarehe. Jeshi lote lile la Marekani, Uingereza, Kanada na wengine lilikuwa limejazana kusini mwa Uingereza, na Stalin wa Urusi alishaahidiwa kwenye mkutano wa Tehran mwishoni mwa 1943 kwamba mwezi wa tano wenzake watashuka Ufaransa ili Mjerumani apigwe pande zote mbili. Mwezi wa tano ukapita kimya. Walikuwa wanasubiri nini?

Kwanza boti. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa divisheni 3 kushuka ufukweni, Montgomery, jenerali wa Uingereza, alipouona akasema hizo hazitoshi kabisa, zikaongezwa zikawa 5, sasa boti na meli za kushushia askari na vifaru zikawa pungufu, ikabidi wasogeze mwezi mmoja mbele viwanda vitengeneze nyingine. Hiyo ndo ikawapeleka Juni. Ila Juni ina siku 30, kwa nini hiyo moja?

Hapa ukiwa mtu wa Pwani utaelewa haraka. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inakuwa ya bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kila siku muda wa kujaa na kukupwa unachelewa kama dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukitaka siku ambayo maji yamekupwa alfajiri mahali fulani, unapata siku chache tu, halafu unangoja wiki mbili nyingine. Normandy wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 6, ikikupwa unabaki mchanga mtupu wa mamia ya mita.

Sasa kwa nini wakataka maji yaliyokupwa, wakati askari anakimbia kwenye mchanga mweupe bila hata kichaka cha kujificha? Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyekuwa analinda pwani hiyo, aliwaza hivyohivyo, akaamini adui atakuja maji yamejaa ili afupishe safari ya kukimbia. Akaupanda ufukwe mzima magogo yenye mabomu kwenye ncha na vyuma vilivyochongoka, vyote vikifunikwa na maji yakijaa, boti ikipita juu inapasuliwa tumbo. Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, walikuwa wanapiga picha kutoka angani wakaviona. Wakaamua waje maji yakiwa chini ndo yanaanza kupanda, mitego ionekane, wahandisi wailipue kufungua njia, na boti ikishusha watu iinuliwe na maji irudi kuchukua wengine.

Ongeza na mwanga. Askari wa miavuli na wale wa ndege zisizo na injini, kama 24,000 hivi, walitangulia usiku na walihitaji mbalamwezi waone wanakotua, huku manowari zikihitaji kupambazuke kidogo kabla ya boti kufika ili walenge mizinga. Weka yote pamoja, mwezi mpevu na maji kupwa alfajiri, zinabaki tarehe 5, 6 na 7. Basi. Zikipita hizo, maji mazuri yanarudi katikati ya mwezi lakini usiku una giza totoro. Mahesabu hayo ya maji aliyafanya mtaalamu Arthur Doodson kule Liverpool, Uingereza, kwa mashine za magurudumu ya shaba, na wala hakuambiwa ni pwani ya wapi, kazi yake iliitwa tu "Position Z".

Eisenhower, jenerali Mmarekani na kamanda mkuu wa Washirika, akachagua tarehe 5. Halafu hewa ikachafuka. Blacksod, magharibi ya mbali kabisa ya Ireland, dada mmoja wa posta anaitwa Maureen Flavin alikuwa anasoma vipimo vya hali ya hewa na kuvituma, tarehe 3 Juni baromita yake ikawa inashuka vibaya, mpaka simu ikapigwa kutoka Uingereza aangalie tena na arudie. James Stagg, mtabiri mkuu wa Eisenhower, akamwambia bosi wake kesho haiwezekani. Meli zilizokwisha kuondoka zikarudishwa. Usiku wa tarehe 4 Stagg akaja na habari nyingine, kuna upenyo mdogo wa hewa kutulia siku ya 6, sio nzuri ila inavumilika, na alfajiri ya tarehe 5 Eisenhower akasema twende.

Kwa mtazamo wangu upepo huo mbaya uliwasaidia kuliko hata vile vifaru vya mpira vya kumdanganya Hitler kwamba wanakwenda Calais, sehemu nyingine ya pwani ya Ufaransa. Watabiri wa Kijerumani hawakuwa na taarifa za kutosha kutoka Atlantiki, huo upenyo hawakuuona, doria za baharini zikasitishwa, makamanda kadhaa wakaondoka kwenda mazoezi ya vita ya mezani Rennes, na Rommel mwenyewe alikuwa kwake Ujerumani, mkewe ana bethidei tarehe 6. Hitler naye amelala, na vifaru vya akiba haviendi bila ruhusa yake, nayo haikutoka mpaka jioni.

Bahari bado ilidai chake. Omaha, mojawapo ya fukwe za kushukia, vifaru 29 vya kuelea vilishushwa mbali na pwani na 27 vikazama, na wahandisi walikuwa wanafunga baruti kwenye vyuma huku maji yanawapanda miguuni na majeruhi wanajibanza nyuma ya vyuma hivyohivyo. Siku hiyo Washirika zaidi ya 4,000 walikufa, lakini mpaka usiku watu kama 156,000 walishakanyaga Ufaransa. Tarehe 22 Juni Warusi nao wakaanzisha shambulio lao kubwa la Bagration, Mjerumani akawa hana jeshi la kuhamisha kwenda popote, Paris ikakombolewa 25 Agosti. Wanaosema D-Day peke yake ndo ilimaliza vita wanawaonea Warusi, maana sehemu kubwa ya jeshi la Hitler ilikuwa inapigwa kwao.

Na zile siku za katikati ya mwezi ambazo wangeahirishia? Tarehe 19 ikaja dhoruba iliyopiga siku tatu mfululizo, ikaivunja kabisa bandari ya kutengenezwa ambayo Wamarekani waliivuta mpaka Omaha.