Primati: maana yake na wanyama wanaohusika

Kiswahili kina majina mengi ya wanyama hawa: nyani, tumbili, kima, mbega, komba, sokwe. Kilichokosekana ni jina moja la kuwakusanya wote pamoja na binadamu, ndipo likaazimwa neno primati, kutoka jina la Kilatini ambalo Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeainisha viumbe, alilipa kundi hili mwaka 1758. Leo zinatambuliwa spishi zaidi ya 500. Kuna lemuri wa Madagaska mwenye uzito wa gramu 30 hivi, na kuna gorila dume anayepita kilo 150.

Usitafute alama moja ya kuwatambua, maana haipo. Ni alama kadhaa zinazokwenda pamoja: macho yanayotazama mbele, yanayomwezesha mnyama kupima umbali kabla ya kurukia tawi, mikono inayoshika, kucha bapa, ubongo mkubwa kwa kulinganisha na mwili. Na karibu kila alama ina anayeikiuka. Mbega amebakiwa na kinundu tu mahali pa kidole gumba. Marmoseti wa Amerika Kusini ana makucha makali ya kung'ang'ania mashina. Mkia nao, nyani anao, ila sokwe na gorila hawana kabisa, kama sisi. Kwa hiyo kumwita sokwe "nyani" ni kosa.

Kwa tabia wanatofautiana vilevile. Komba hutoka usiku na mara nyingi hutafuta chakula peke yake, ilhali nyani huishi kwa makundi makubwa ambamo majike hubaki walikozaliwa na madume huhama.

Mimi kinachonivutia zaidi ni utoto wao mrefu. Kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja, naye hukaa na mama muda mrefu akijifunza. Watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachunguza tumbili wa Amboseli, Kenya, ambao huonyana hatari kwa milio tofauti: mmoja wa kuonya kuhusu chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Wakisikia wa chui hukimbilia mitini. Wa tai, hutazama juu. Wa nyoka, husimama na kukagua majani chini. Watoto hukosea: huweza kupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, hata kwa jani linaloanguka. Kadiri wanavyokua, makosa hayo hupungua.