Serikali imeanguka, Bunge lipo: muhula wa Bunge la Italia ni kitu gani

Serikali ya Italia ikijiuzulu, habari zinazosambaa kwa Kiswahili huwa na kichwa kile kile: Italia yarudi kwenye uchaguzi. Baadhi ya waandishi huongeza kwamba nchi hiyo imefanya chaguzi karibu 70 tangu Vita Kuu ya Pili. Si hivyo. Tangu 1948 Waitalia wamechagua Bunge mara 19. Serikali ndizo zilizokuwa nyingi: zikihesabiwa tangu Jamhuri ilipoanzishwa 1946 hadi ile ya Giorgia Meloni iliyoapishwa Oktoba 2022, zinafika 68. Anayechanganya hesabu hizi mbili hawezi kuielewa siasa ya Italia hata akiifuatilia kila siku.

Muhula wa Bunge, ambao Waitalia huuita legislatura, ni kipindi cha uhai wa mabaraza mawili yaliyochaguliwa pamoja: Baraza la Wawakilishi na Seneti. Huanza siku mabaraza mapya yanapokutana kwa mara ya kwanza na huisha mapya mengine yanapokaribia kukaa. Kwa ibara ya 60 ya Katiba, urefu wake ni miaka 5, isipokuwa Rais wa Jamhuri ayavunje mabaraza mapema. Maana yenyewe ni hiyo tu, na haihitaji maneno mengi. Serikali haimo ndani ya maana hiyo, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Nimeona "legislatura ya 18" ikiandikwa kuwa "serikali ya 18" na mara nyingine "awamu ya 18". Hili la awamu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu sisi tunayo maneno ya kutenganisha mambo haya na tunayatumia vizuri nyumbani. Kwa Mtanzania, awamu huhesabu marais na Bunge huhesabiwa peke yake. Bunge la 12 la Tanzania lilianza kazi Novemba 2020 chini ya awamu ya tano, na Machi 2021, baada ya kifo cha Rais Magufuli, likajikuta chini ya awamu ya sita bila uchaguzi mkuu wowote katikati. Hakuna aliyesema Bunge la 13 limezaliwa siku ile. Basi legislatura ya 18 ni Bunge la 18 la Jamhuri ya Italia, na tuliite hivyo.

Hilo Bunge la 18 ndilo mfano bora wa jambo hili, kwa hiyo nitakaa nalo. Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Machi 2018. Wawakilishi walikuwa 630 na maseneta wa kuchaguliwa 315, pamoja na maseneta wachache wa maisha. Vuguvugu la Nyota Tano lilipata karibu asilimia 33 ya kura, likawa chama kikubwa kuliko vyote, lakini halikufika nusu ya viti. Muungano wa vyama vya mrengo wa kulia, yaani Lega, Forza Italia na Fratelli d'Italia, ulipata asilimia 37, nao haukufika. Partito Democratico, kilichokuwa madarakani, kilishuka hadi chini ya asilimia 19. Hakuna aliyeshinda kiasi cha kutawala peke yake.

Mabaraza yalikutana tarehe 23 Machi. Kesho yake Roberto Fico wa Nyota Tano akawa spika wa Baraza la Wawakilishi, na Maria Elisabetta Alberti Casellati wa Forza Italia akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Seneti. Muhula ulikuwa umeanza kwa kila hali, lakini serikali iliyokuwa ofisini bado ilikuwa ile ya zamani, ya Paolo Gentiloni, ikiendesha shughuli za kawaida tu. Iliendelea hivyo kwa zaidi ya miezi 2, vyama vikijadiliana na Rais Sergio Mattarella akiwaita viongozi Quirinale, ikulu yake, kundi baada ya kundi. Mwishoni mwa Mei Rais alikataa kumteua Paolo Savona kuwa waziri wa uchumi, mpango wa Nyota Tano na Lega kuunda serikali ukavunjika, akamwita mchumi Carlo Cottarelli ajaribu, kisha mpango ule wa kwanza ukafufuka baada ya kurekebishwa. Giuseppe Conte, profesa wa sheria ambaye hakuwa mbunge, akaapishwa tarehe 1 Juni akiungwa mkono na Nyota Tano na Lega.

Agosti 2019 Matteo Salvini wa Lega aliitoa imani yake akitaka uchaguzi. Conte akajiuzulu tarehe 20 mbele ya Seneti. Kama kuanguka kwa serikali kungekuwa sawa na kuvunjika kwa Bunge, Salvini angepata alichokitaka. Hakukipata. Wabunge wale wale, katika viti vile vile, walitafuta wingi mwingine: Nyota Tano wakaungana na Partito Democratico, waliokuwa wakitukanana nao miezi michache nyuma, na tarehe 5 Septemba Conte akaapishwa tena kuongoza serikali mpya. Baraza la Wawakilishi liliipa serikali ya kwanza ya Conte kura 350. Ya pili likaipa 343. Ukitazama idadi hizo peke yake huwezi kujua kwamba nyuma yake chama kizima kimetoka serikalini na kingine kimeingia.

Januari 2021 Matteo Renzi, aliyekuwa amejitenga na Partito Democratico na kuunda Italia Viva, aliwaondoa mawaziri wake. Conte alipata kura 156 kwa 140 katika Seneti, ushindi usiotosha kutawala, akajiuzulu siku chache baadaye. Mattarella alieleza kwamba kuitisha uchaguzi katikati ya janga la korona kungekuwa hatari, akamwita Mario Draghi, aliyewahi kuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya. Tarehe 13 Februari Draghi aliapishwa, na karibu kila chama kikaingia: Lega ikarudi, Forza Italia ikaingia, Nyota Tano na Partito Democratico wakabaki. Kura za imani zilikuwa 262 katika Seneti na 535 katika Baraza la Wawakilishi. Fratelli d'Italia cha Meloni kilibaki nje, kama kilivyokuwa nje ya zile mbili za kwanza.

Serikali tatu, Bunge moja. Fico na Casellati walikalia viti vyao tangu Machi 2018 hadi mwisho bila kuguswa na lolote kati ya hayo. Ibara ya 94 inadai serikali iwe na imani ya mabaraza yote mawili, na ikiipoteza iondoke. Haisemi popote kwamba ikiondoka inaondoka na mabaraza. Kuyavunja mabaraza ni uamuzi mwingine, wa Rais, chini ya ibara ya 88, naye huufikia pale tu anapoona hakuna wingi mwingine unaoweza kupatikana. Ibara ya 67 nayo humwachia mbunge uhuru wa kutofungwa na maagizo ya chama chake, na ndiyo maana makundi hubadilika sana ndani ya muhula. Juni 2022 Luigi Di Maio alitoka Nyota Tano na wabunge na maseneta takriban 60, na chama kilichoshinda uchaguzi kikapoteza nafasi yake ya kuwa kundi kubwa zaidi Bungeni.

Watu huniuliza mbona nambari za mabunge yao ni ndogo wakati Italia iliungana 1861. Swali zuri, na jibu lake linafaa kujulikana. Bunge lililofunguliwa Torino Februari 1861, la kwanza la Italia iliyoungana, halikuitwa la kwanza. Liliitwa la 8, kwa kuwa liliendeleza hesabu ya ufalme wa Sardinia, ambao Bunge lake lilifunguliwa tarehe 8 Mei 1848. Hata mfalme Vittorio Emanuele alibaki wa Pili, ingawa Italia haikuwahi kuwa na wa kwanza. Kwa wengi wa kusini hilo lilionekana kama Sardinia kuimeza nchi nzima badala ya nchi kuungana, na nadhani walikuwa na hoja. Jamhuri ilipokuja ilikataa kuurithi mkufu ule wa hesabu. Ikaanza upya: Bunge la 1 lilikaa tarehe 8 Mei 1948, na Baraza la Katiba lililochaguliwa 1946 halikutiwa katika hesabu. Tangu hapo kila muhula huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na nambari hupanda pale tu wananchi wanapopiga kura. Serikali zina mkufu wao. Zile za Conte ni za 65 na 66, ya Draghi ni ya 67. Kiongozi yule yule akijiuzulu na kuteuliwa tena, huhesabiwa serikali mpya: Alcide De Gasperi aliongoza tatu ndani ya Bunge la 1 peke yake.

Hapa pia ndipo linapofaa kuwekwa sawa lile neno "waziri mkuu asiyechaguliwa", walilobandikwa Conte na Draghi. Mwitalia hamchagui waziri mkuu. Kwa ibara ya 92 Rais wa Jamhuri ndiye anayemteua, na mabaraza humpa imani au humnyima. Draghi alipita mlango ule ule aliopita De Gasperi. Mtu anaweza kuuchukia utaratibu huo kwa haki kabisa, na Waitalia wengi wanauchukia, lakini kuuita mapinduzi ni kuwapotosha wasomaji.

Julai 2022 mambo yalikuwa tofauti. Nyota Tano, Lega na Forza Italia walikataa kushiriki kura ya imani katika Seneti, Draghi akapata kura 95 tu za kumuunga mkono, akajiuzulu, na tarehe 21 Mattarella akayavunja mabaraza. Uchaguzi ukawa tarehe 25 Septemba. Fratelli d'Italia, kilichopata asilimia 4 miaka minne na nusu nyuma, kikapata 26. Viti navyo vilikuwa vimepungua hadi 400 na 200, kwa kura ya maoni ya Septemba 2020. Bunge la 19 lilikutana tarehe 13 Oktoba, na siku hiyo waziri mkuu alikuwa bado Draghi. Meloni aliapishwa tarehe 22.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika habari, kati ya kujiuzulu kule kutatu ni kumoja tu, kwa Julai 2022, kulikostahili kichwa kisemacho Italia yarudi kwenye uchaguzi. Kwa Agosti 2019 na Januari 2021 ilitosha kuandika kwamba serikali imejiuzulu, Bunge linaendelea, na Rais anakutana na vyama.