Je, wajua kwa nini "alikuwa akianika" huwatatiza wengi kwa Kiingereza?

Mwanafunzi wa Wete anayetaka kueleza kwa Kiingereza kwamba bibi yake alikuwa akianika karafuu mvua ilipoanza, huenda akaandika "Grandmother was dry cloves" au, akizidi kujitahidi, "Grandmother was she drying cloves". Asidhaniwe mvivu, kwani makosa yote mawili yana asili yake katika Kiswahili anachokisema nyumbani.

Katika "alikuwa akianika", nafsi hurudiwa: "a" ipo kwenye kitenzi cha kuwa na ipo tena kwenye kitenzi kikuu, na ile "ki" ndiyo inayoonesha kwamba kazi ilikuwa bado inaendelea. Kiingereza nacho huanza na kitenzi cha kuwa, lakini kitenzi kikuu hakibebi nafsi wala wakati, bali huongezewa "ing" mwishoni: "Grandmother was drying cloves when the rain started". Kwa hiyo anayesahau "ing" ameidondosha "ki" yake, na anayeongeza "she" ameichukua "a" ya Kiswahili akaipandikiza pasipo pake. Tahajia haina mengi: "write" huacha "e" ikawa "writing", "swim" huongeza "m" ikawa "swimming", na "dry" hubaki na "y" yake.

Ugumu hasa uko kwenye "was" na "were". "I", "he", "she" na "it" huchukua "was". "We", "they" na "you" huchukua "were". Herufi "s" na "r" zilipishana tangu kale kwa sababu ya mahali mkazo wa sauti ulipoangukia, jambo ambalo Mdenmaki Karl Verner alilifafanua mwaka 1877. Linaloshangaza zaidi ni kwamba husemwa "you were drying" hata anapoambiwa bibi mmoja, peke yake jamvini. Zamani mtu mmoja aliitwa "thou", na "you" ilikuwa ya watu wengi. Kisha ikawa desturi kumwambia mkubwa "you" kwa heshima, desturi ikaenea hadi "thou" ikatoweka katika mazungumzo ya kawaida, na kitenzi cha wingi kikabaki pale pale. Sisi heshima hiyo tumeiweka kwenye shikamoo, viambishi vyetu vikasalimika.

Hata anayeyamudu yote hayo atahadhari na vitenzi vya kujua, kupenda na kuamini, ambavyo kwa kawaida Kiingereza hakivipi "ing" ya namna hii. Kwa Kiswahili ni sawa kabisa kusema kwamba bibi alikuwa akijua mvua itanyesha. Kwa Kiingereza itamlazimu mjukuu aandike "Grandmother knew it would rain", ingawa karafuu zake "were drying" wakati huo huo.