Walter Tull: tusiishie kwenye zile mechi 10

Nashughulika na historia ya soka la zamani la Uingereza, na kila Walter Tull, mwanasoka mweusi Mwingereza aliyekuja kuwa afisa wa jeshi, anapotajwa, kwanza husikia habari za mechi 10 za ligi alizochezea Tottenham. Kwangu mimi hapo ndipo mahali padogo kuliko pote katika maisha yake.

Alizaliwa Folkestone, Kent, mwaka 1888. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala kutoka Barbados. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza wa Kent. Kufikia mwaka 1897 wazazi wote wawili walikuwa wamefariki, na Walter na kaka yake Edward wakapelekwa kwenye makao ya yatima ya Wamethodisti, Bethnal Green, London. Edward alichukuliwa na familia moja ya Glasgow, akaja kuwa daktari wa meno. Walter alibaki, akajifunza uchapaji, na mpira akaupata hapo hapo.

Tottenham walimchukua mwaka 1909 kutoka Clapton, timu ya ridhaa. Oktoba mwaka huo, huko Bristol, sehemu ya mashabiki ilimporomoshea matusi ya rangi mechi nzima. Mwandishi wa gazeti aliyekuwapo aliandika kwamba Tull ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora uwanjani siku ile. Haukupita muda mrefu akajikuta kikosi cha akiba. Kimpira, mimi sioni kosa lake.

Mwaka 1911 Herbert Chapman, kocha wa klabu ya Northampton, yule aliyekuja kuipa Arsenal ubingwa, alimchukua. Akamrudisha nyuma kutoka ushambuliaji acheze kiungo, na hapo Tull akatulia, akacheza mechi zaidi ya 100. Mwanasoka Tull ni wa Northampton.

Desemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, alijiunga na batalioni ya wanasoka ya kikosi cha jeshi cha Middlesex. Alipanda hadi sajini, mwaka 1916 akarudishwa nyumbani akiwa ameathirika akili kwa milipuko ya mizinga, kisha akarejea Ufaransa wakati wa mapigano ya Somme. Mei 1917 akawa luteni usu. Hili linahitaji maelezo, maana kanuni za jeshi za mwaka 1914 zilizuia mtu mweusi kuwa afisa. Somme ilikuwa imewamaliza maafisa vijana, jeshi likawa linawatafuta miongoni mwa askari wenye uzoefu, na wakuu wake walimjua kazini. Wapo wanaobishana kama alikuwa afisa mweusi wa kwanza. Mimi navutiwa zaidi na jinsi alivyoongoza.

Tazama Italia, Mto Piave, Januari 1918. Aliongoza askari 26 kuvuka mto wenye maji ya baridi kali na mkondo mkali, usiku, kuvamia ngome za adui. Akawarudisha wote wakiwa hai. Meja Jenerali Sydney Lawford alimsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu wake. Fikiria ni kina nani waliokuwa wakimfuata gizani: Waingereza weupe, wa taifa lile lile ambalo mashabiki wake walimtukana Bristol.

Aliuawa tarehe 25 Machi 1918 karibu na Favreuil, Ufaransa, akiwa na miaka 29. Askari wake walijaribu kuutoa mwili wake chini ya risasi, akiwamo Tom Billingham, aliyewahi kuwa golikipa wa Leicester. Hawakuweza, na kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Arras, Ufaransa, na tangu mwaka 1999 ana bustani ya kumbukumbu kando ya uwanja wa Northampton.