Ati wakati mugumu hakuna haja ya kujiwekea lengo?

Hapa Bukavu watu wengi wanasemaka hivi: wakati ni mugumu, mwenye biashara angojee kwanza hali itulie, malengo ni ya wenye kapitali (pesa ya kuendesha biashara) kubwa. Inaeleweka, dola inapanda inashuka, njia inafungwa, nani atapanga mambo ya mwaka muzima?

Lakini lengo si lazima liwe la mwaka, linaweza kuwa la juma moja tu, na linaanzia kwa kujijua: unauzaga kiasi gani, unakopesha nani, unachomoa ngapi kwenye sanduku kwa chakula cha nyumba. Hapo ndipo wengi tunapotelea. Mama wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, ananunua unga ya dola 50, anaiuza yote 60, usafiri 4, faida ni 6, akichomoa 10 ya nyumba basi amekula kapitali dola 4 bila kujua, na ataona ni hali ya inchi tu ndiyo imemumaliza.

Angalia mwenyewe: chukua kaye (daftari), kila jioni andika kilichoingia, kilichotoka, na madeni, hata juma mbili. Kisha weka lengo moja, mfano pesa ya nyumba isipite faida. Soko ikibadilika, nalo unalibadilisha.